Wafuate Wageni: Mwongozo wa Kutafuta Historia ya Shamba la Ukoo Kando ya Ziwa Tanganyika

Mwenyeji wa shamba alikuwa na kazi, hakuandika. Mgeni alikuwa amekaa barzani na chai yake, anangoja jua lishuke, akaandika. Ndiyo maana historia ya shamba la zamani lililopokea watalii mara nyingi haipo shambani. Ipo katika barua iliyotumwa Ubelgiji miaka sabini iliyopita, katika albamu iliyouzwa pamoja na vitu vya marehemu, katika daftari la padri aliyelala usiku mmoja kwa sababu mvua ilikata barabara. Ukiitaka, wafuate wageni.

Nimeuandika mwongozo huu nikiwa na mwambao wa Fizi akilini: Makobola, Swima, Mboko, Lusenda, Nundu hadi Baraka, ule ukanda mwembamba ambapo barabara ya taifa namba 5 inapita ziwa likiwa upande mmoja na milima upande wa pili. Huenda ukoo wako una shamba huku: mistari ya ngazi, yaani michikichi, iliyopandwa kwa kamba, miembe mikubwa iliyozunguka msingi wa nyumba isiyokuwepo tena, na bibi anayesema kwamba hapo Wazungu walikuwa wanakuja kulala. Maneno hayo ya bibi yanatosha kuanzia. Msomaji wa Karatu, Naivasha au Gisenyi naye atapata la kwake humu, maana njia haitofautiani sana.

Jambo la kwanza ni kujua ukoo wenu uliingia shambani kwa mlango gani. Wapo waliokuwa na ardhi hiyo tangu mababu, kabla ya Mbeleji kufika. Wapo walioingia wakiwa wapishi, makapita au walinzi wa setla, naye alipoondoka baada ya uhuru wa 1960 wao wakabaki. Wapo waliopata shamba baada ya Mobutu kutangaza Zairianizasyo, yaani mali za wageni kupewa raia, tarehe 30 Novemba 1973, wale tunaowaita akereri. Kila mlango una karatasi zake na kila mlango una watu wasiopenda ufunguliwe. Familia nyingi hupenda kusema "shamba la tate" (babu) na kuishia hapo. Uliza tate alilipataje. Kama alikuwa mpishi, usione haya hata kidogo: mpishi aliingia vyumba vyote, alijua nani analala wapi na nani halipi, na ushahidi wake ni mzito kuliko wa mwenye shamba.

Piga hodi kabla ya kuuliza

Katika Fizi, kijana mwenye daftari anayezungukazunguka shamba la zamani haonekani mtafiti. Anaonekana mtu anayeandaa kesi. Ardhi ya mwambao imegombaniwa na mababu, setla, akereri, wakimbizi waliorudi na majirani waliolima kipindi wengine wako uhamishoni, na kila mmoja ana la kusema. Kwa hiyo nenda kwanza kwa chefu wa kijiji, kisha kwa chefu wa grupema (kundi la vijiji), ueleze wazi kwamba unatafuta habari za watu na nyumba, na kwamba mipaka haikuhusu. Siku hiyo usibebe kamba ya kupimia wala simu yenye ramani. Kama lubunga, baraza la kijiji, bado inakaa kwenu, omba kusikilizwa humo, watu wengi wasikie kwa pamoja maneno yaleyale. Ukimweleza mmoja mmoja, kila mmoja atayapeleka anavyotaka.

Na kama shamba lina kesi mahakamani, ningekushauri uiache kazi hii mpaka kesi iishe, au uzungumze kwanza na wakili. Ushahidi utakaoupata unaweza kuuma upande wowote, hata wa kwenu.

Wazee: waulize chakula, mwaka uache

Kosa la wasomi wetu ni kuanza na "ilikuwa mwaka gani?" Mzee akishindwa kutaja mwaka hujiona amefeli mtihani, na baada ya hapo anajibu kwa woga. Anza na mambo ya mikono na tumbo. Ukifika, salimia inavyopasa, kaa, acha sukari na sabuni ulizobeba zipokelewe, kisha sema jambo dogo: "Tate, nimekuja kukusalimia, na pia nataka unieleze ile nyumba ya ng'ambo ya mto, mkate wao ulikuwa unaokwa wapi?" Swali la mkate linafungua jiko, jiko linafungua jina la mpishi, mpishi anafungua majina ya waliobeba maji, na punde utasikia gari la rangi fulani lilikuwa linatoka Usumbura kila mwisho wa juma likiwa na watoto wawili na mbwa.

Yapo maswali mengine yanayozaa sana. Wageni walikula samaki gani, sangala au mikebuka, na nani aliyewavulia? Nguo zao zilifuliwa wapi? Posho ilitolewa siku gani? Nani alikuwa sentinele (mlinzi)? Mtoto wa kijijini aliruhusiwa kufika wapi, getini, jikoni au barzani? Hilo la mwisho ni swali la nafasi ya watu, na jibu lake hueleza shamba kuliko hekta zake. Kina mama wasiachwe. Waliouza mboga, mayai na mawese kwa jiko la shamba wanakumbuka bei, na bei ni njia nzuri ya kupata kipindi.

Miaka utaipata kwa kupachika kumbukumbu kwenye matukio ambayo kila mtu anayajua. Kabla au baada ya uhuru? Kabla au baada ya vita vya Mulele, vilivyofika huku 1964? Baraka ilipochukuliwa tena na jeshi la serikali na mamluki Septemba 1965, nyumba ilikuwa bado na paa? Wakati franka ilipokuwa zaire? Kabla ya vita vya 1996? Wengine watakutajia Wakuba, maana Che Guevara na watu wake walivuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965 wakakaa katika milima ya Fizi hadi Novemba. Hao hawakuwa watalii, lakini kama walipita shambani kwenu mtu anakumbuka, na umeshapata tarehe.

Wazee wengi wa Fizi hawako Fizi. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha ziwa maelfu kwa maelfu, na kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ipo tangu 1996. Wengine wametoka hapo wakapelekwa Marekani na kwingineko. Usikate tamaa mtu akikuambia "aliyejua hayo alikimbia". Tafuta mjukuu wake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, umtumie picha ya mwembe na msingi wa nyumba, umwombe ampe tate simu ajibu kwa sauti, hata kwa Kibembe. Sauti ya dakika mbili iliyorekodiwa Kigoma ina thamani kuliko kurasa kumi za kubahatisha. Tangazo kwenye redio ya jamii pia husaidia: lipia komunike, utaje jina la shamba na majina mawili ya wafanyakazi wa zamani, utaje na siku ambayo utakuwepo mahali fulani.

Kila habari iandike pamoja na jina la aliyeisema na namna alivyoijua: aliona mwenyewe, aliambiwa na mama yake, au "watu wanasema". Waulize wawili mbalimbali, kila mmoja peke yake. Wakipingana usiwapatanishe; yaandike yote mawili.

Ardhi nayo inasema

Kabla ya kukimbilia ofisi, tembea shambani na mtu anayelijua. Miti iliyopandwa kwa mstari ina mkono wa mtu. Piga picha ya mstari wote, kisha ya mti mmoja ukiwa na mtu kando yake ili ukubwa uonekane. Tafuta msingi wa nyumba, ngazi za saruji zinazoishia hewani, tangi la maji ya mvua, tanuri ya mkate. Jiko la wakati huo lilijengwa mbali na nyumba kwa sababu ya moshi na moto, hivyo majivu na vigae vya sahani utavikuta pembeni. Sehemu ya magari au ya mtumbwi itakuonyesha wageni walifika kwa njia gani.

Ukikuta nguzo fupi ya saruji au jiwe lenye namba kwenye kona ya shamba, hiyo huenda ni borni ya wapima ardhi. Piga picha ya namba, usiiguse, usiisogeze, na usimwambie mtu barabarani kwamba umeiona. Namba hiyo itakusaidia kwenye ofisi ya kadasta, yaani ya upimaji ardhi. Usichimbe popote. Huku kumepita vita vingi, na chuma kilicholala ardhini si lazima kiwe cha jembe. Ukiona kitu usichokifahamu, rudi nyuma ukamwambie chefu.

Kitu kingine cha kupimia wakati ni ziwa lenyewe. Tanganyika ilipanda sana baada ya mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962, ikafika juu kabisa 1964, kisha ikashuka pole pole. Ikapanda tena kuanzia 2020, hadi nyumba za ufukweni Uvira, Baraka na Bujumbura zikaingiwa na maji. Kwa hiyo ukipata picha ya zamani ya wageni wakioga, angalia umbali kati ya maji na kitu ambacho bado kipo, kwa mfano mwamba au shina la mwembe. Mchanga ukiwa mpana, picha huenda ni ya miaka ya 1950. Maji yakiwa yamegusa mizizi, fikiria 1963 au 1964. Hii haitoshi kuwa ushahidi peke yake, lakini inaweza kumkatalia mtu anayekuambia kwa uhakika mkubwa kwamba picha ni ya 1938.

Karatasi za ardhi

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu habari nyingi za ofisini zinachosha na si zote zinahusu wageni. Serikali ya kikoloni ilitoa ardhi kwa masetla na makampuni kwa mikataba, na katika Kivu taasisi iliyopewa madaraka makubwa ya kugawa ardhi ni Comité National du Kivu, CNKi, iliyoundwa 1928. Mikataba mingi ya kukodisha au kuuza ardhi ilichapishwa katika gazeti rasmi, Bulletin Officiel du Congo Belge, pamoja na jina la aliyepewa, hekta na mahali. Juzuu zake zipo katika maktaba kubwa za Ubelgiji, na baadhi zinasomeka kwenye intaneti. Tafuta kwa jina la setla kama wazee wanalikumbuka. Kama hawalikumbuki, tafuta kwa jina la mahali.

Majina ya mahali ni mtego. Bukavu iliitwa Costermansville, Kalemie iliitwa Albertville, Bujumbura iliitwa Usumbura. Majina ya vijiji yaliandikwa kama Mbeleji alivyoyasikia, kwa hiyo jaribu Swima na Suima, Mboko na M'Boko. Mito ni salama zaidi kuliko vijiji, kwa sababu vijiji vilihamishwa kando ya barabara enzi za ukoloni na vikaenda na majina yao.

Baada ya uhuru sheria zilibadilika mara mbili kwa nguvu. Sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 iliirudishia serikali ya Kongo haki ya ardhi zilizotolewa na wakoloni. Kisha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema ardhi yote ni mali ya serikali, na mtu hupewa konsesyo, yaani haki ya kuitumia. Konsesyo ya kawaida haizidi miaka 25, ingawa inaweza kufanywa upya. Hii inakusaidia hivi: ukipata karatasi moja yenye mwaka, hesabu miaka 25 mbele, utafute karatasi ya kuifanya upya. Kama haipo, uliza kilichotokea wakati huo. Mara nyingi utakuta ni vita au kifo.

Sertifika ya kuandikishwa shamba hutunzwa na konservateri wa hati za ardhi. Kwa shamba la Fizi anza kuuliza Uvira, lakini uliza kwanza kwa simu kama ofisi imefunguliwa na kama barabara ni salama. Nenda na nakala, karatasi halisi ibaki nyumbani. Lipa ada unayodaiwa kwa risiti. Ukiambiwa faili halipo, omba uandikiwe hivyo kwa maandishi. Nayo ni hati.

Wageni wenyewe

Sasa tumefika penye utajiri. Watalii wa mwambao wa Tanganyika hawakuwa wa aina moja. Wapo waliokuja kwa meli za kampuni ya CFL, zilizounganisha Albertville na bandari nyingine za ziwa. Wapo maofisa na wafanyabiashara wa Usumbura na Bukavu waliokuja kupumzika, kuoga na kuvua. Wapo wamisionari waliokuwa safarini. Wapo wasafiri wa magari waliotoka kusini wakielekea kwenye volkano za Kivu. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa wa kulipa, jembe hawakulishika, wakapata muda wa kushika kalamu. Tabia hiyo ni ya zamani: Burton na Speke walipita rasi ya Ubwari wakielekea Uvira mwaka 1858, na ghuba iliyo mbele ya Baraka ikabaki kwenye ramani na jina la Burton.

Anza na vitabu vya kuelekeza wasafiri. Ofisi ya utalii ya Kongo ya Kibeleji na Ruanda-Urundi ilichapisha Guide du Voyageur au Congo Belge et au Ruanda-Urundi, kitabu kilichotoka mara kadhaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi miaka ya 1950. Kimepangwa kwa njia za safari, kikitaja barabara, hoteli na sehemu za kulala. Tafuta matoleo zaidi ya moja, usome ukurasa wa njia ya Uvira kwenda kusini katika kila toleo. Shamba likionekana katika toleo moja na kukosekana katika jingine, umepata kipindi cha biashara yake. Lisipoonekana popote, bado hujashindwa. Nyumba nyingi zilipokea wageni wa kuelekezana kwa mdomo.

Kisha nenda kwa wamisionari, maana hao waliandika kila siku. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walikuwa na desturi ya kuandika kitabu cha matukio katika kila misheni, na nyaraka zao kuu ziko Roma. Wamisionari Waksaveri walifika upande wa Uvira na Fizi mwishoni mwa miaka ya 1950. Watatu wao, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didonè, pamoja na padri Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakatangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Nalitaja hilo kwa sababu ya kazi: kesi ya kumtangaza mtu mwenye heri haiendi bila ushuhuda wa watu waliokuwepo, kwa hiyo Jimbo la Uvira lina watu waliowahi kukaa na wazee wa 1964 na kuwasikiliza. Waulize kwa adabu nani anaweza kukuelekeza. Upande wa Waprotestanti, Wametodisti Huru wamekuwa Nundu kwa miaka mingi pamoja na hospitali yao, na kanisa lao la Marekani lina kituo cha historia, Marston Memorial Historical Center. Barua za mmisionari kwa mama yake zina habari za jirani na mashamba kuliko ripoti zake kwa wakubwa.

Halafu picha. Makumbusho ya Tervuren, nje ya Brussels, yana mkusanyo mkubwa wa picha na ramani za Kongo. Nyaraka za serikali ya kikoloni, zile ziitwazo Archives Africaines, zimekabidhiwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji. Kadi za posta na albamu za familia huuzwa kwenye mnada wa intaneti wa Delcampe. Hata usiponunua, mara nyingi unaweza kuangalia picha iliyowekwa na kusoma maandishi ya nyuma. Tafuta "Uvira", "lac Tanganika", "Fizi", "Baraka", na jina la setla.

Ukipata jina la mtu au la taasisi, andika barua fupi. Walio Ulaya hupokea barua nyingi za kuomba pesa na wengine huogopa madai ya ardhi, kwa hiyo waondolee hofu kwenye mstari wa pili. Mfano huu unatosha, upate mtu wa kuuweka kwa Kifaransa kizuri:

"Mimi ni mjukuu wa mtu aliyekuwa mpishi katika shamba lililokuwa kando ya barabara ya Uvira na Baraka, karibu na kijiji cha Swima, hadi mwaka 1960. Sidai ardhi wala malipo. Natafuta picha, barua au kitabu cha wageni kinachoonyesha nyumba hiyo, watu waliofanya kazi humo na miti iliyopandwa. Picha iliyopigwa kwa simu inatosha. Nami nikitumiwa, nitawaeleza majina ya watu waliomo kadiri wazee wanavyoyakumbuka."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua albamu. Wao wana picha zisizo na majina, na ninyi mna majina yasiyo na picha.

Picha ikifika, usiangalie katikati. Katikati yuko mgeni na samaki wake. Angalia pembeni: mkono ulioshika sinia umekatwa na ukingo wa picha, mtoto amesimama kwenye mlango wa jiko, mvuvi amegeuza mgongo anafunga kamba ya mtumbwi. Kuza pembe hizo kwenye simu, uzipeleke kwa wazee moja moja, bila kuwaambia umezipata wapi. Mtu humtambua ndugu yake kwa namna anavyosimama kabla ya kumtambua kwa uso.

Tuone ilivyokuwa kwingine. Pale Epulu, katika msitu wa Ituri, Mmarekani Patrick Putnam alikuwa na kambi iliyopokea wasafiri tangu miaka ya 1930 hadi alipofariki 1953. Karibu kila tunachojua juu ya mahali hapo kimetoka kwa waliofika kutoka mbali: mkewe, mchoraji Anne Eisner, aliandika kitabu na kuacha picha alizochora, na mgeni mmoja kijana, Colin Turnbull, alirudi tena na tena hadi akatoa kitabu chake mashuhuri juu ya Wambuti mwaka 1961. Anayetafuta habari za Epulu leo huanzia Chuo Kikuu cha Harvard, ambako karatasi za Anne Eisner zimehifadhiwa. Naona ni jambo la kusikitisha, na pia ni maelekezo ya njia.

Karatu, kaskazini mwa Tanzania, shamba la kahawa lijulikanalo kama Gibb's Farm lilianzishwa 1929 na masetla Wajerumani. Vita vya Pili vilipokuja, mali za Wajerumani Tanganyika ziliwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. James Gibb akalinunua shamba 1948, na 1972 yeye na mkewe Margaret wakaanza kulaza wageni waliokuwa wanakwenda Ngorongoro. Mahali pamoja, serikali zaidi ya moja, na kila moja na kabati lake. Mtafiti anayeuliza ofisi moja tu ataamini shamba lilizaliwa mwaka ambao kabati hilo lilifunguliwa.

Na Mugongo, upande wa Rwanda karibu na Gisenyi, Rosamond Halsey Carr aliendesha shamba la pareto na maua kwa miongo mingi. Alifika Kongo 1949, akafariki 2006. Kitabu chake cha 1999 kimejaa wageni, Dian Fossey akiwa mmoja wao. Lakini kina pia jina la Sembagare, msimamizi wa shamba, kwa heshima na kwa urefu. Hilo si la kawaida. Ukisoma maandishi ya wageni utakutana sana na "boy", "mpishi wetu", "yule mzee mwaminifu". Kila unapokuta neno la namna hiyo, liandike kwenye karatasi pamoja na tarehe na ukurasa, kisha urudi kijijini na swali moja: mwaka huo, jikoni alikuwa nani? Nusu ya kazi yako ni hiyo safari ya kurudi.

Mambo yanapogongana

Yatagongana. Mgeni ataandika nyumba ilikuwa na vyumba vinne, mzee atasema sita. Mgeni alihesabu alivyoonyeshwa. Mzee anahesabu na vyumba vya wafanyakazi. Mgeni ataandika watu walikuwa na furaha. Mzee atakumbuka kiboko na kodi ya kichwa. Mimi, kwa tarehe na majina ya Wazungu, humwamini mgeni. Kwa kazi, mishahara na nani aliyepanda mti upi, humwamini mzee. Kwa mipaka simwamini yeyote mpaka nione borni na karatasi. Jihadhari na tarehe zinazopendeza mno, hasa shamba linaloanza mwaka uleule aliozaliwa babu.

Utakuta pia habari zinazoumiza: mtu aliyefukuzwa ili shamba lipanuliwe, mtoto wa setla ambaye hakutajwa, akereri aliyeuza mabati. Kabla ya kuziandika, zipeleke kwa familia zinazohusika uwasomee. Wanaweza kukuomba uondoe jina. Liondoe, habari ibaki.

Kuandika na kuweka nakala

Usingoje umalize. Ukiwa na wazee watatu na picha moja, andika kurasa kumi kwa Kiswahili, uwasomee wazee walewale kwa sauti. Watakusahihisha kwa hasira na kwa furaha, na watakupa kilichobaki. Tengeneza orodha ya wafanyakazi mbele kabisa, kabla ya orodha ya wenye shamba: jina, kazi, kijiji alichotoka, miaka, aliyekuambia.

Picha zote zipige kwa simu mchana, kivulini, bila kioo, pande mbili. Nyuma ya kila picha halisi andika kwa penseli, isiwe kalamu ya wino: ni nani, wapi, lini kwa kukadiria, na nani alisema hivyo. Huku karatasi zimeungua 1964, 1996 na 1998, na maji yameingia kwenye masanduku mengine juzi tu. Kwa hiyo nakala zisikae nyumba moja. Moja ibaki kwa ukoo, moja kwa parokia au kanisa, moja shuleni ambako mwalimu wa historia ataitumia, moja kwa ndugu aliye Kigoma au Marekani. Ya chefu wa kijiji mpelekee mwenyewe, umwonyeshe ukurasa wenye jina lake, na umkumbushe mbele ya watu kwamba hakuna mahali ambapo umeandika mpaka.